Je, Wajua? Plagi za gari lako, uani kwako Makanya

Je, wajua kwamba plagi moja ya gari lako hupiga cheche zipatazo milioni 25 kabla hujamaliza kilomita 20,000? Piga hesabu. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari hizo zote ni dakika 20,000. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, plagi huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 1,250. Zidisha. Hapo ni moja tu, na gari la familia kwa kawaida linazo nne.

Je, wajua kwa nini gari linalonguruma vizuri kituoni Makanya huanza kumisi likipanda Suji? Mlimani unakanyaga mafuta, hewa na petroli huingia silindani kwa wingi, na mchanganyiko ule unabanwa kwa nguvu zaidi. Cheche hupata tabu kuruka katika gesi iliyobanwa sana, kwa hiyo plagi hudai umeme mkubwa zaidi. Ile iliyochakaa, yenye mwanya uliopanuka, ilikuwa inajikongoja tambarare bila wewe kujua, mlima unaifichua. Anayetaka kuzijaribu plagi zake asizijaribu akiwa ameegesha gari chini ya mwembe. Apande na abiria na magunia yao.

Je, wajua kwamba betri ya volti 12 haiwezi kabisa kuurusha umeme kwenye mwanya wa plagi? Kazi hiyo ni ya koili, inayoukuza umeme huo hadi volti 20,000 na kuendelea. Kwa sababu hiyo ule mtindo wa kumwambia kijana ashike plagi kwa vidole huku mwenzake anapiga stata ili "waone moto" ni wa kuachwa. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Je, wajua kwamba malori yanayobeba jasi ya Makanya kwenda viwanda vya saruji hayana plagi hata moja? Ni ya dizeli. Injini ya dizeli huibana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta bila cheche. Kwa hiyo ukikwama kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, usimwombe dereva wa lori plagi ya kuazima. Mwombe maji ya kunywa, hayo anayo.

Tukiwa bado kwenye jasi: je, wajua kwamba hatari ya kwanza ya kubadilisha plagi nyumbani ni vumbi? Katika injini nyingi za Kijapani, Toyota IST ikiwamo, plagi imekaa chini kabisa ya shimo refu jembamba, na juu yake imekalia koili. Makanya iko upande mkavu wa milima ya Upare, mawingu yanamwaga mvua kule juu Chome na Shengena na kutuachia upepo. Vumbi huingia katika mashimo hayo na kutulia. Ukichomoa plagi bila kulisafisha, lote linaporomoka ndani ya silinda, juu ya pistoni.

Na vumbi letu si la namna moja. Katika kipimo cha ugumu alichotunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, jasi ni namba 2, hata ukucha unaikwaruza. Mchanga wa kwazi ni namba 7, na huo unakwaruza chuma. Jasi ikidondoka kidogo silindani pengine injini itakusamehe, mchanga hautakusamehe. Upepo, kwa bahati mbaya, hauvitenganishi.

Dawa yake ni rahisi. Toa koili, puliza shimo. Kisha legeza plagi mzunguko mmoja tu, puliza tena, maana vumbi lililokuwa limeshikana pembezoni sasa limeachia. Halafu ndipo uitoe. Vijana wa pancha walioko barabarani wana kompresa na watakupulizia kwa muda mfupi tu. Aliye mbali na barabara atumie pampu ya baiskeli. Kinga macho, na watoto wasogee, kwa sababu kinachoingia shimoni kwa upepo kinatoka kwa upepo.

Je, wajua kwamba ukikuta oili imejaa shimoni, kubadilisha plagi hakutakusaidia kitu? Oili hiyo imepita kwenye mipira inayozunguka mashimo, chini ya kifuniko cha juu cha injini. Badilisha mipira na gasketi ya kifuniko kwanza. Na kama ni maji, kumbuka ni nani aliyeosha injini kwa mpira wa maji wiki iliyopita.

Je, wajua kwamba ukarabati wa kwanza wa umeme wa gari unaosimuliwa sana duniani ulifanywa na mama wa watoto, bila gereji? Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe Karl pamoja na wanawe wawili, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Husimuliwa kwamba alizibua njia ya mafuta kwa pini ya kofia, na waya wa umeme wa kuwashia ulipochubuka akaufunika kwa ukanda wa soksi zake.

Lakini plagi ya kutegemewa ilisubiri mwaka 1902, pale Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, alipokamilisha mtambo wa umeme mkubwa pamoja na plagi yake. Kabla ya hapo baadhi ya injini ziliwashwa kwa kibomba cha chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Fikiria kuwa na moto wa wazi hatua chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Je, wajua kwamba safari ya kwanza ya kuvuka Afrika kwa gari ilianzia Dar es Salaam? Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, aliondoka tarehe 10 Agosti 1907 akafika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Reli ya Tanga wakati huo ilikuwa bado haijafika Moshi. Ilifika mwaka 1911, ikipita hapa hapa Makanya. Leo plagi ukiikosa Same mjini, basi la kutoka Dar es Salaam linakuletea kesho yake.

Je, wajua kwamba vifaa vya kazi nzima vinaenea kwenye mfuko wa rambo? Kwa Toyota nyingi ndogo unahitaji spana namba 10 kwa bolti moja ya kila koili, soketi ya plagi ya milimita 16, kirefusho, na mkono wa kuzungushia. Magari ya zamani hutaka soketi ya milimita 21, na baadhi ya mapya ya 14, kwa hiyo pima kabla hujaazima.

Kifaa cha tano hakiuzwi kwenye seti yoyote: kipande cha mpira wa mafuta, urefu wa kiganja hivi. Kichomeke juu ya plagi mpya, ishushe nayo shimoni, na uizungushe kwa vidole. Nyuzi zikiingia vizuri plagi inazama yenyewe kwa ulaini. Zikienda upande, mpira unateleza na plagi inagoma. Spana haina adabu hiyo. Yenyewe ingeendelea kukaza mpaka nyuzi za silinda hedi zimeliwa, na hapo kazi ya asubuhi moja imegeuka ya wiki nzima kwa fundi wa kukereza vyuma. Katika kazi hii yote, kama ningeruhusiwa kusisitiza jambo moja, lingekuwa hili la vidole kutangulia spana.

Je, wajua kwamba injini lazima iwe imepoa kabisa? Silinda hedi ni ya alumini, plagi ni ya chuma. Alumini ya moto ni laini, na nyuzi zake huchomoka pamoja na plagi. Ukirudi kutoka Same jioni, acha gari lilale. Fanya kesho asubuhi, kabla jua halijapanda. Toa na terminali hasi ya betri, na ukichomoa soketi ya waya kwenye koili bonyeza kilimi chake. Plastiki iliyokaa miaka juu ya injini hukatika ikivutwa kwa hasira.

Je, wajua kipimo cha kukaza plagi bila kifaa cha kipimo? Plagi mpya yenye ringi, ikishagusa chini kwa vidole, huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Basi. Ringi ile imekunjwa iwe na uwazi ndani, na hapo inabonyea na kuziba. Ukiirudisha plagi ya zamani, ringi yake imeshabonyea tayari, kwa hiyo inatosha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mkono wa saa unavyosogea kutoka saa moja kwenda saa mbili. Zile zisizo na ringi, zenye kikalio cha mshazari, ni moja ya kumi na sita tu.

Na je, wajua kwamba plagi iliyolegea huungua? Sehemu kubwa ya joto lake hutorokea kwenye silinda hedi kupitia nyuzi na kikalio. Ikining'inia, joto halina pa kwenda.

Gresi kwenye nyuzi? Watengenezaji kama NGK wanakataza kwa plagi zao zilizopakwa madini ya kuzuia kutu. Nyuzi zikiteleza, mkono uleule unakaza kupita kiasi, na unaweza kuikata plagi shingo.

Sasa tuje kwenye kesi. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Basi hii hapa, na plagi za zamani ndizo shahidi. Je, wajua kwamba watu wengi huzitupa kabla hazijahojiwa? Zipange juu ya ubao kwa utaratibu wa silinda, ukianza kuhesabu upande wa mikanda ya injini. Tazama ncha.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini nzima, plagi imezeeka tu. Masizi meusi makavu kwenye zote nne: petroli nyingi kuliko hewa, na hapa Makanya mshukiwa wa kwanza ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Litoe ulikung'ute kabla hujamlaumu mtu. Weusi wenye majimaji ya oili kwenye moja tu: silinda hiyo inakula oili, kupitia ringi za pistoni au mipira ya valvu, na plagi mpya itakuwa vilevile baada ya muda. Nyeupe yenye malengelenge: moto umezidi. Kagua maji ya rejeta, kagua kama plagi ilikazwa, na kama ni ya namba inayotakiwa. Nyeupe safi kama imeoshwa, kwenye silinda moja tu, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini: hapo maji yanaingia silindani, na ushahidi huo mpelekee fundi siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaobadilisha plagi kila gari likikohoa. Mara nyingi plagi haina kosa. Ilikuwepo tu kosa lilipotendeka, ikachafuka.

Je, wajua kwamba ile duara ya kahawia inayojitokeza kwenye kaure nyeupe, juu kidogo ya sehemu ya chuma, si dalili ya gesi kuvuja? Umeme mkubwa huvuta chembe za oili zilizoko hewani na kuzigandisha pale. Haina madhara. Plagi nzuri ngapi zimetupwa kwa doa hilo!

Je, wajua kwamba mafuta ya taa huacha alama yake kwenye plagi? Petroli iliyochakachuliwa haiungui vizuri, huacha masizi na injini hugonga mlimani. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wachakachuaji wagundulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Waliopika kwa majiko ya mchina wakati ule wanakumbuka ni nani aliyelipa.

Risasi nayo ilikuwa ikigandamana kwenye ncha za plagi za baba zetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Je, wajua kwamba namba za plagi husomwa kinyume kutegemea kampuni? Kwa NGK na DENSO, namba kubwa ni plagi ya ubaridi, inayotoa joto upesi. Kwa Bosch, namba kubwa ni ya moto. Ncha inatakiwa ifike walau nyuzi 450 hivi za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikipita 850 huanza kuwasha petroli kabla ya wakati. Kwa hiyo usibadilishe kampuni kwa kubahatisha. NGK ya 5 inalingana na DENSO ya 16. Na ukiona 11 mwishoni mwa namba ya plagi, huo ni mwanya wa milimita 1.1.

Je, wajua kwamba "plagi ya kopa" haina kopa kwenye ncha? Kopa iko ndani, ya kusafirisha joto, na karibu plagi zote zinayo, hata za iridiamu. Ncha ya plagi ya kawaida ni nikeli, madini ambayo kimondo cha Mbozi kule Songwe, chenye tani zipatazo 16, kinayo pamoja na chuma.

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Iridiamu hustahimili hadi 2,446, ndiyo sababu ncha yake inaweza kufanywa nyembamba, milimita 0.4, na ikadumu. Sehemu kubwa ya iridiamu ya dunia inachimbwa Afrika Kusini, inasafiri hadi Japani, inarudi kwetu ndani ya gari lililotumika.

Plagi za nikeli zibadilishe karibu na kilomita 20,000. Za iridiamu nyingi huahidiwa kilomita 100,000, lakini angalia upande wa chini wa mwanya: kama hapo hakuna kipande cha platini, upande huo ni nikeli tupu na utachakaa mapema. Muuzaji hatakwambia. Na iridiamu haisuguliwi kwa brashi ya waya wala msasa. Ncha ile inakatika. Kuurekebisha mwanya wake kwa koleo pia hapana.

Je, wajua kwamba Honda Fit ya kwanza ya cc 1,300 ina silinda nne na plagi nane? Mbele nne, nyuma nne. Ukinunua nne umenunua nusu.

Je, wajua namna ya kuibaini plagi feki? Ringi ya plagi halisi haitoki kwa kuvutwa, sharti uizungushe kwenye nyuzi. Ya feki mara nyingi huchomoka kirahisi. Tazama maandishi kwenye kaure kama yamenyooka, nyuzi kama ni laini, na ncha ya katikati kama inatazamana sawasawa na ya chini. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa kweli. Na plagi iliyoanguka sakafuni, hata iwe halisi, usiifunge: kaure inaweza kupata ufa usioonekana.

Je, wajua kwamba plagi ya bei ndogo huua koili ya bei kubwa? Kila cheche hulamba chembe ya chuma, mwanya unapanuka, koili inalazimika kutoa umeme mkubwa zaidi kila wakati, mpaka siku inapasuka ndani. Anayeahirisha plagi kwa kubana matumizi anajiwekea deni la koili.

Na kama umeshabadilisha zote nne, gari bado linamisi? Fundi mwenye mashine ya kusomea atakupa namba kama P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda inayomisi, hapa ya tatu. Usinunue kitu bado. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya tatu uipeleke ya pili, ya pili uilete ya tatu. Washa, panda kidogo njia ya Suji, soma tena. Namba ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0303, koili haina hatia; anza kutazama nozeli ya mafuta na mbano wa silinda hiyo.